Mita 148 zilizopungua New York: uchambuzi wa rekodi ya marathoni ya mwaka 1981

Tarehe 25 Oktoba 1981 Alberto Salazar, kijana wa miaka 23 aliyezaliwa Havana na kukulia Marekani, alikata utepe ndani ya Central Park, New York, saa ikisoma 2:08:13. Rekodi ya dunia ilikuwa 2:08:33.6 ya Derek Clayton wa Australia, iliyowekwa Antwerp mwezi Mei 1969. Miaka 12 ilikuwa imepita bila mtu kuifikia. Salazar alishatangaza mapema kwamba anaiwinda, na televisheni ya ABC ilirusha mbio zile moja kwa moja nchi nzima. Upande wa wanawake Allison Roe wa New Zealand alimaliza kwa 2:25:29, akaishusha 2:25:42 ya Grete Waitz wa Norway. Rekodi mbili za dunia zikaanguka siku moja katika mji mmoja.

Leo hakuna hata moja kati ya hizo inayohesabika. Miaka michache baadaye njia ya mbio ilipimwa upya, ikakutwa na upungufu wa mita 148 hivi. Marathoni ni mita 42,195. Waliokimbia New York siku ile walikimbia takriban mita 42,047.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina mwizi. Hakuna mkimbiaji aliyekatiza njia ya mkato, hakuna aliyepanda gari, na sijaona sababu ya kuamini kwamba waandaaji walipunguza njia kwa makusudi. Kila mtu alifanya kazi yake, na bado watu kadhaa walidhulumiwa, wengine wakiwa bara jingine kabisa. Ukikifuatilia vizuri utaelewa kwa nini kanuni za kupima njia za mbio za barabarani zimewekwa kwa namna ambayo wageni wa mchezo huu huiona ya ajabu: kosa linaruhusiwa kuelekea upande mmoja tu. Njia ikizidi kidogo, sawa. Ikipungua hata kidogo, haikubaliki.

Tuanze na hesabu

Mita 148 katika 42,195 ni kama asilimia 0.35. Kwa kila kilomita ni mita tatu na nusu, yaani hatua mbili za mkimbiaji wa kiwango cha Salazar. Ukisimama barabarani huwezi kuziona. Wala hata saa ya mkimbiaji mwenyewe isingemwambia kitu katika kilomita moja, kwa sababu kupanda daraja au kukutana na upepo kunabadilisha muda wake zaidi ya hapo.

Lakini zikikusanyika zinabadilisha historia. Salazar alikuwa anakimbia kila kilomita kwa dakika 3 na sekunde 3 hivi. Kwa mwendo huo mita 148 zinachukua sekunde 27. Ukimwongezea, anafika 2:08:40, sekunde 6 nyuma ya Clayton. Roe naye, kwa mwendo wake, anaongezewa sekunde 31 au karibu na hapo na kufika 2:26:00, nje ya muda wa Waitz kwa sekunde 18. Rekodi zote mbili zilikuwa ndani ya zile mita zilizokosekana.

Hapa wapo wanaosema: basi si tungemwandikia 2:08:40 yakaisha? Hapana, na wanatakwimu wa riadha wako sahihi kukataa. Mtu hukimbia kwa kuangalia saa na alama za kilomita, akigawa nguvu zake mpaka utepe. Mita 148 za mwisho baada ya kilomita 42 hazilingani na mita 148 za mwanzo; huko ndiko miguu inakokataa. Muda wa kukisia haujakimbiwa na mtu yeyote.

Barabara hupimwaje

Uwanja wa riadha una mita 400, umejengwa kwa saruji na raba, ukishapimwa umepimwa. Barabara ni kitu kingine. Ina kona, ina mizunguko, ina upana, na siku ya mbio polisi wanaweza kufunga upande mmoja au zote mbili. Zamani waandaaji waliegemea kipimo cha umbali cha gari, au ramani, au gurudumu la kusukuma kwa mkono ambalo hurukaruka kwenye lami mbovu na kuhesabu umbali usiokuwepo. Kila chombo kilikuwa na uongo wake.

Mwingereza John Jewell ndiye aliyeweka mambo sawa. Mwaka 1961 alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njia mbalimbali za kupima barabara, na baiskeli ya kawaida iliyosawazishwa kwa umbali unaojulikana ikawa ndiyo inayofaa kuliko zote. Upande wa Marekani kazi hiyo ilichukuliwa na Ted Corbitt, mjukuu wa watumwa, mtaalamu wa tiba ya viungo, mkimbiaji wa marathoni ya Olimpiki ya Helsinki 1952 na rais wa kwanza wa klabu ya New York Road Runners. Mwaka 1964 alitoa andiko juu ya upimaji wa njia za mbio ambalo mpaka leo wapimaji wa Marekani wanalihesabu kuwa mwanzo wa kazi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi Alan Jones wa jimbo la New York, akisaidiwa na mwanawe Clain, akabuni kifaa kidogo cha kufunga kwenye gurudumu la mbele la baiskeli. Kaunta ya Jones, ndivyo inavyoitwa hadi sasa.

Inafaa kukitazama kifaa hiki kwa karibu, kwa sababu usahihi wote umekaa hapo. Kinakaa kwenye ekseli, kina ulimi mdogo unaosukumwa na spoku, na meno ndani yake yanageuza namba. Katika modeli za baadaye gurudumu likizunguka mara moja, kaunta inahesabu zaidi ya namba 23. Mzingo wa gurudumu la baiskeli ya kawaida ni mita 2.1 hivi, kwa hiyo namba moja ni kama sentimita 9, na kilomita moja ni namba 11,000 na ushee. Mpimaji akifika mahali anapotaka kuweka alama hakadirii kwa macho. Anakamata breki ya mbele, anasimama ekseli ikiwa juu ya alama, anasoma tarakimu zote, anaandika, ndipo anaendelea. Akiteleza nyuma kidogo, kaunta inarudi nayo.

Kaunta peke yake haijui mita ni nini. Kwa hiyo kabla ya kazi mpimaji anatafuta kipande cha barabara kilichonyooka, angalau mita 300, anakipima kwa tepu ya chuma iliyovutwa kwa nguvu maalumu, kisha anakiendesha mara nne: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Hapo anajua namba ngapi ni kilomita moja kwa baiskeli hiyo, tairi hizo, uzito wake yeye, siku hiyo. Akimaliza kupima njia nzima anarudi palepale na kuendesha tena mara nne. Asubuhi lami ilikuwa baridi, saa nne inawaka. Hewa ndani ya tairi imevimba, gurudumu limekuwa kubwa kidogo, na kilomita ileile sasa ina namba chache kuliko za asubuhi. Bila vipimo vya mwisho huwezi kujua mabadiliko hayo yameingia kwenye kazi yako kiasi gani.

Hata tepu ya chuma ina tabia zake. Imetengenezwa isome sawasawa kwenye nyuzi 20 za sentigredi. Chuma hurefuka kwa sehemu 11.6 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Fanya hesabu ya Dar es Salaam, tepu ikiwa na nyuzi 35: kwenye mita 300 kosa ni sentimita 5, na likibebwa mpaka mwisho wa marathoni ni mita 7 na kitu. Kwenye joto kosa hilo linairefusha njia. Kwenye baridi ya nyuzi sifuri, ambayo New York wanaijua vizuri, tepu inasinyaa na njia inapungua kwa karibu mita 10. Mpimaji anayejua kazi ana kipimajoto mfukoni na anasahihisha.

Niliposoma mara ya kwanza kwamba watu hubishana juu ya joto la tepu nilidhani ni kuzidisha mambo. Sasa naona ndipo heshima kwa mkimbiaji inapoanzia.

Mstari anaoufuata mkimbiaji

Makosa ya tepu na tairi, hata yakijumlishwa yote, kwa kawaida hayafiki mita 148. Upungufu wa kiasi hicho una chanzo kingine ambacho wapimaji wote wanakifahamu: mstari. Mpimaji alipita wapi, na mkimbiaji atapita wapi?

Mkimbiaji anayewania rekodi haendi katikati ya barabara kama gari. Anakwenda kona kwa kona. Barabara ikipinda kulia anaukumbatia ukingo wa kulia, ikipinda kushoto anavuka kimshazari kwa mstari ulionyooka mpaka ukingo wa kushoto. Ana haki hiyo. Lami yote iliyofunguliwa ni yake. Kanuni inataka mpimaji apite njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita kihalali: sentimita 30 kutoka ukingo kwenye kila kona, na kati ya kona mbili mstari ulionyooka, hata kama unavuka upana wote wa barabara.

Sasa mpimaji wa mjini anaendesha baiskeli huku magari yakipita. Anasogea mita moja mbali na ukingo kwa kuogopa basi. Kwenye kona ya nyuzi 90 mita hiyo moja inamgharimu mita 1.57 za ziada, hii ni jiometria ya darasani. Kona kumi, mita 15. Kwenye barabara ya bustani iliyojaa mizunguko kama zile za Central Park, anabaki upande wake wa kulia kama sheria ya barabarani inavyodai, akiizunguka kila kona ambayo wakimbiaji wataikata. Anaporudi ofisini karatasi inasema 42,195, na ni kweli, baiskeli yake ilikwenda mita 42,195. Siku ya mbio barabara imefungwa, magari hayapo, na mtu mwepesi anakimbia mstari mfupi kuliko ule.

Ndiyo maana upimaji mzuri hufanyika alfajiri au usiku, mbele na nyuma kukiwa na gari la polisi. Na ndiyo maana mpimaji lazima aambiwe kabla: barabara hii itafunguliwa yote au nusu? Koni zitapangwa wapi? Kituo hiki cha mafuta kina uwanja wazi, kutakuwa na uzio au mtu atapita ndani? Jibu la swali moja kama hilo linaweza kubadilisha umbali kwa makumi ya mita.

Waliodhulumiwa ni nani

Watu wengi wakisikia kisa hiki humsikitikia Salazar. Ni haki. Alikimbia barabara aliyopewa, akamshinda kila aliyekuwepo, na ushindi wake wa siku ile bado ni wake. Mimi nawasikitikia zaidi wengine.

Wiki sita baada ya New York, tarehe 6 Desemba 1981, Robert de Castella wa Australia alishinda marathoni ya Fukuoka, Japani, kwa 2:08:18. Dunia ilipiga makofi ya heshima: muda mzuri, umebaki sekunde 5 tu kuifikia rekodi ya Salazar. Kumbe siku ile yeye ndiye aliyevunja rekodi ya Clayton. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyejua. Aprili 1983 yeye na Salazar walikutana Rotterdam katika mbio zilizotangazwa kama pambano na mwenye rekodi ya dunia; de Castella akashinda kwa 2:08:37, Carlos Lopes wa Ureno nyuma yake kwa sekunde 2, Salazar wa tano. Mwenye rekodi halisi alikuwa ndiye aliyeshinda, na tangazo lilimpa cheo hicho mtu mwingine.

Kisha Oktoba 1984, Chicago. Steve Jones wa Wales alikimbia 2:08:05 na magazeti yakaandika kwamba ameivunja 2:08:13 ya Salazar kwa sekunde 8. De Castella alikuwa kwenye mbio hizohizo, akamaliza wa tatu nyuma ya Lopes. Rekodi yake, aliyoishika karibu miaka mitatu, ilivunjwa mbele ya macho yake kabla hajaambiwa kwamba anayo. Orodha zimesahihishwa tangu hapo na jina lake lipo. Lakini miaka ile mitatu ya kuitwa mwenye rekodi ya dunia, mialiko, mikataba, fahari ya nchi, haiwezi kurudishwa kwa kusahihisha orodha.

Na Clayton? Naye alinyimwa siku zake za mwisho, japo kwake habari ina mkunjo: urefu wa njia ya Antwerp ya mwaka 1969 wenyewe umebishaniwa kwa miaka mingi. Waitz ana hadithi ya namna yake. Rekodi aliyonyang'anywa na Roe alikuwa ameiweka mwaka mmoja kabla, New York. Ukishakubali kwamba njia ya mji ule ilipungua mwaka 1981, huwezi kuzuia swali lisirudi nyuma mpaka kwenye muda wa Waitz mwenyewe. Upungufu mmoja unatia shaka matokeo ya miaka yote inayouzunguka. Bahati nzuri Waitz alilijibu kwa miguu: Aprili 1983 London akakimbia 2:25:29, sekunde kwa sekunde na muda wa Roe. Kesho yake Joan Benoit akakimbia 2:22:43 Boston, mjadala mzima ukapitwa.

Sehemu moja katika elfu

Dawa iliyopatikana ni rahisi hadi inashangaza. Mpimaji akishapata idadi ya namba za kaunta kwa kilomita, anaizidisha kwa 1.001. Kilomita ya namba 11,000 inakuwa na namba 11,011. Maana yake njia inawekwa ndefu kwa mita 1 kila kilomita, mita 42 kwa marathoni, kwa makusudi na kwa kila njia duniani inayotafuta cheti. Shirikisho la riadha la dunia linataka kosa la upimaji lisizidi sehemu hiyohiyo moja katika elfu. Ukipima kwa uangalifu wa kawaida, mita hizo zinameza makosa yako, na njia ikija kupimwa upya na mtu mwingine haikutwi imepungua.

Wapo wanariadha wanaolalamika. Mita 42 kwa mtu wa 2:05 ni karibu sekunde 7 na nusu. Kwa nini alipe gharama ya udhaifu wa baiskeli? Nimelifikiria sana lalamiko hili na sikubaliani nalo. Kila mtu anailipa bei hiyo kwa kiwango kilekile, Berlin, London, Nairobi, kwa hiyo mizani kati ya mkimbiaji na mkimbiaji haitetereki. Njia fupi haina sifa hiyo. Inampa zawadi aliyekuwepo siku ile na kumnyang'anya aliyekimbia kwingine. De Castella hakuwepo New York kabisa, na ndiye aliyeumizwa zaidi.

Ongezeko hilo lina mpaka wake. Lilibuniwa limeze makosa ya kawaida ya mpimaji mzuri. Njia iliyokosewa kwa mita 148 ingebaki imepungua kwa zaidi ya mita 100 hata ukiongeza zile 42. Anayepima kizembe halindwi na 1.001.

Neno moja kwa wenzangu wenye saa za GPS, maana swali hili huja kila baada ya mbio: "Mbona saa yangu imesoma 42.6?" Kwanza, saa inakadiria mahali ulipo kwa makosa ya mita kadhaa, inaunganisha nukta, na kati ya majengo marefu nukta hizo zinaruka barabara. Pili, wewe hukupita mstari mfupi. Ulikwenda kwenye meza ya maji, ukawapita watu kwa nje, ukaizunguka kona ukiwa katikati ya kundi. Njia yenye cheti hupimwa ili asiwepo mtu anayeweza kukimbia pungufu. Karibu kila mtu atakimbia zaidi, na saa ikionyesha zaidi haijathibitisha kosa lolote.

Ikangaa

Kwetu Tanzania kisa hiki kina ukurasa wake. Tarehe 5 Novemba 1989 Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, alishinda marathoni ya New York kwa 2:08:01. Vitabu vya mashindano vilikuwa bado vinaibeba 2:08:13 ya Salazar, kwa hiyo taarifa zikasema ameboresha muda bora wa njia ile kwa sekunde 12.

Mimi nasema sekunde 12 zinampunja. Kati ya 1981 na 1989 upimaji ulikuwa umebadilika, na njia ya Ikangaa haikuwa na upungufu wa mita 148. Ukiulinganisha mwendo wa kila mmoja kwa kilomita, Salazar sekunde 182.96, Ikangaa 182.04, na kuzidisha kwa kilomita 42.195, tofauti yao ni sekunde 39 hivi. Nimeshasema hapo juu kwamba muda wa kukisia hauandikwi kwenye orodha, na sitaki uandikwe. Nataka tu tunapomtaja Ikangaa tuseme kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kukimbia chini ya 2:08:13 New York, na kwamba alifanya hivyo kwenye marathoni kamili, wakati mwenzake hakuwa amekimbia marathoni kamili. Muda wake ulikaa kileleni pale mpaka 2001, Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipokimbia 2:07:43. Miaka 12, sawa na ile ya Clayton.

Wakenya nao wana kisa kinachofanana na hiki kwa sura, ingawa kiini ni tofauti. Aprili 2011 Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia, na haukuhesabiwa rekodi ya dunia. Umbali ulikuwa kamili. Tatizo ni kwamba kanuni zinadai kushuka kusizidi mita 1 kwa kila kilomita, na mwanzo na mwisho visitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, ili upepo wa mgongoni usimsukume mtu njia nzima. Boston inashuka karibu mita 140 na inakwenda upande mmoja. Watu wengi walikasirika. Kanuni ilikuwepo kabla ya Mutai kuzaliwa kimchezo, naye aliijua barabara aliyokuwa anaikimbia. Hilo halina ulinganisho na mtu aliyeambiwa ni 42,195 na hazikuwa.

Yaliyofuata, na ya kwetu

Ungedhani baada ya New York kosa hili limekwisha. Marathoni ya Greater Manchester, Uingereza, ilikutwa imepungua kwa mita 380 kwa miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015, na muda wa watu wapatao 24,000 ukapoteza uhalali. Oktoba 2016 Callum Hawkins aliweka rekodi ya Scotland ya nusu marathoni huko Glasgow, 60:24, ikafutwa njia ilipokutwa imepungua kwa mita 149.7, karibu sawasawa na New York, ila kwenye nusu ya umbali. Miezi minne baadaye akakimbia dakika 60 kamili Marugame, Japani. Siyo kila mkimbiaji hupata nafasi ya pili upesi namna hiyo.

Huku kwetu mbio za barabarani zimeongezeka mno. Hakuna wikiendi isiyokuwa na mbio za hisani za kilomita 5, 10 na 21, kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, kutoka Mombasa mpaka Eldoret. Kwa aliyekuja kutembea na familia na kuvaa fulana, umbali ukipungua haimdhuru. Lakini mbele yake kuna kijana wa Mbulu au Iten anayetafuta muda wa kumpeleka kwa wakala. Tuseme njia imetangazwa kuwa nusu marathoni, kilomita 21.0975, na ina 20.7. Kijana anakimbia dakika 62, anajaza fomu, anaalikwa Ulaya, na huko anakimbia dakika 63 na sekunde 11 akiwa amejitahidi kwa kiwango kilekile. Kocha wa kule anaona mtu aliyedanganya au aliyechoka. Kijana mwenyewe anaamini ameshuka. Anabadili mazoezi yaliyokuwa sahihi. Haya yote kwa sababu mtu alipima kwa pikipiki.

Gharama ya kupima vizuri ukiilinganisha na bajeti ya jukwaa, muziki na fulana ni ndogo. Anahitajika mpimaji mmoja anayetambuliwa na shirikisho la dunia, wa daraja A au B, baiskeli, tepu ya chuma, alfajiri moja au mbili, na polisi wa kumkinga. Cheti kinadumu miaka mitano mradi njia isiguswe. Ukihamisha mstari wa kumalizia kwa sababu mdhamini anataka bango lake lionekane, cheti kimekufa. Nashauri kila anayelipia mbio za kilomita 21 au 42 aulize kabla ya kujiandikisha: njia imepimwa na nani, lini, na ramani yake iko wapi? Mwandaaji mwenye cheti hujibu upesi na kwa furaha.

Kisha ibaki siku yenyewe, ambayo ndiyo inayosahauliwa. Brighton, Uingereza, Septemba 2021, marathoni ilizidi kwa mita 568, si kwa upimaji mbaya bali kwa sababu koni ya kugeukia iliwekwa pasipo pake. Kwa ajili hiyo kanuni za rekodi hudai mpimaji, au mtu mwingine aliyehitimu mwenye ramani ya njia, apande gari linalotangulia na kuthibitisha kwamba kilichokimbiwa ndicho kilichopimwa. Kwa mbio zetu hili halihitaji rekodi ya dunia. Mwanzo, mwisho na kila pa kugeukia papigiliwe msumari kwenye lami na paandikwe kwa vitu visivyohama: mita ngapi kutoka nguzo ya taa ipi, mita ngapi kutoka kona ya daraja lipi. Saa kumi alfajiri ya siku ya mbio koni iwekwe na mtu mwenye karatasi hiyo mkononi na tepu ya kuhakiki, siyo na kijana wa kujitolea aliyeelekezwa kwa simu kwamba ni pale karibu na sheli.